Pa Kushika

Nyumba yangu ina korido moja tu, na korido hiyo inatokea sebuleni. Nilipoijenga hapa Mbeya nilijisifu kwamba nimeokoa matofali. Sikujua kuwa siku moja mama mkwe wangu angekaa sebuleni miezi minne, na mimi ningekuwa mfungwa chumbani kwangu, natega sikio nijue kama amekohoa kwa kuinuka au amekohoa tu.

Wasiozijua mila hizi watacheka, na wacheke. Mama mkwe ni Mhehe wa Igowole, mama wa zamani kwelikweli, Mlutheri asiyekosa ibada, na kwake mkwe wa kiume ni mtu wa kuogopwa kuliko mchungaji. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa yangu hatukuwahi kupeana mikono wala kula meza moja. Tukikutana njiani yeye huvuta kanga usoni na kupisha pembeni, nami huangalia milima kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Tunasalimiana kupitia ukutani. "Kamwene, baba," anasema akiwa upande wake. "Kamwene, mama," naitikia nikiwa upande wangu. Ndiyo mazungumzo yetu yote, na sikuwahi kuona yamepungua.

Kabla ya hapo mila hii haikunisumbua. Yeye alikuwa Igowole, mimi Mbeya, tukaonana Krismasi na misibani, na uwanja ulikuwa mpana. Ndani ya nyumba ya vyumba vitatu ni jambo jingine.

Alianguka mwezi wa saba, asubuhi, mlangoni mwa jiko lake. Pale pana jiwe kubwa linalotumika kama ngazi, marehemu mumewe alilileta kwa mkokoteni walipokuwa vijana. Siku hiyo lilikuwa na umande ulioganda. Alikuwa na ndoo ya maji mkono mmoja na miguuni amevaa ndala iliyokatika ikafungwa na waya. Alilala pale chini mpaka akapita mtu anayekwenda kuchuma chai. Shemeji yangu anayeishi Iringa mjini akamfuata, akampeleka hospitali ya misheni kule Tosamaganga. Kiwiko cha mkono kilikuwa kizima, kifundo kimevunjika. Nyonga ilikuwa imevimba lakini haikuvunjika. Muuguzi alimweleza mke wangu kwamba mzee akianguka mara moja, mara ya pili huwa iko njiani inakuja, na kazi yetu ni kuizuia isifike.

Mke wangu alilichukua neno hilo akalifanya sheria. Siku tuliyomleta mama Mbeya, alimwambia mbele ya watu wote, mimi nikiwa nyuma ya mlango: "Mama, ukianguka tena, Igowole basi. Nyumba inafungwa, shamba analichukua kaka, unakaa hapa mpaka Mungu akuite."

Mama mkwe hakubishana. Aliuliza tu, "Na nisipoanguka?"

"Usipoanguka, mvua za kupandia zikianza nitakurudisha."

Basi jambo likawa hilo. Yeye alitaka kitu kimoja duniani, kupanda mahindi yake kwa jembe lake mwezi wa kumi na moja, na kati yake na mahindi hayo palikuwa na sakafu yangu.

Na mimi ni nani? Mimi ni fundi wa barabara mstaafu. Nimefunga vyuma vya kingo kwenye kona za milima ambako ukichungulia chini unaona paa la lori la mwaka juzi. Mtu akinitajia neno kuanguka, ameniita kazini. Nilinunua mabomba, nikaita fundi wa kuchomelea, tukafunga vyuma viwili pembeni ya choo cha ndani na kimoja bafuni. Nikatandika mpira usioteleza. Nikatoa zulia la sebuleni lililokuwa limejikunja pembe, nikabandika nyaya za televisheni ukutani, nikaweka taa ya korido isiyozimwa. Mke wangu, ambaye anauza viatu vya mitumba sokoni Mwanjelwa, akachagua jozi mbili za viatu vilivyofunika kisigino, akazichoma ndala zote. Nilipomaliza nilisimama chooni nikavitikisa vile vyuma kwa nguvu zangu zote. Havikucheza. Nilijisikia mtu wa maana.

Halafu kifungo kikaanza. Mke wangu alikuwa anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Mchana kutwa nyumbani tulikuwa wawili, watu wasioruhusiwa kutazamana. Yeye alikuwa sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani na gazeti la wiki iliyopita. Dirisha lina nondo, nilizifunga mwenyewe kwa ajili ya wezi, na sasa zilinifungia mimi. Nikitaka kwenda nje lazima nipite sebuleni, na kabla ya kupita lazima nikohoe kwa sauti, nimpe nafasi aondoke. Mwanzoni nilikohoa kila nilipojisikia. Kisha siku moja nikasikia jinsi anavyoinuka: kiti kinakwaruza, pumzi inakatika, "Nguluvi wangu," anamwita Mungu wa kwao, halafu miguu inaburuzwa haraka kwenda jikoni. Kila kikohozi changu kilikuwa kinamwinua mgonjwa wa nyonga mbiombio. Tangu siku hiyo nikaacha kukohoa. Nilikaa ndani. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye, mke wangu, mila, hata yule aliyechora ramani ya nyumba, ambaye ni mimi.

Yeye naye alikuwa amefungwa kuliko mimi. Alikatazwa ufagio, ndoo, ngazi ya uani, hata kuinama kuwasha jiko. Jioni moja nilimsikia akimwambia binti yake, "Mwanangu, kuku huatamia mayai. Mimi hapa naatamia kiti." Mke wangu akacheka. Mama hakucheka.

Palikuwa na dalili, nami nilizitazama kwa macho haya haya. Kwenye chuma cha chooni nilikuwa nimetundika taulo jipya kwa ajili yake. Mwezi wa nane lilikuwepo, limekunjwa kwa mikunjo ileile ya dukani. Mwezi wa tisa, vilevile. Nikasema moyoni, mama huyu ni msafi jamani. Dalili nyingine ilikuwa chai. Alikuwa hainywi. Maji alilowesha midomo tu. Mke wangu alidhani hapendi majani ya chai ya mjini, akamletea maziwa, nayo akayaacha. Alianza kulalamika kizunguzungu, tukasema ni uzee.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa kumi, saa nne asubuhi. Sisi wa barabara tunaiogopa mvua ya kwanza kuliko zote zinazofuata, kwa sababu inakuta vumbi la miezi yote ya kiangazi na kuligeuza utelezi. Nilikuwa nimelala kitandani nawaza hilo, niliposikia kishindo nyuma ya nyumba. Halafu kimya. Halafu sauti ndogo, isiyoita mtu.

Nilipita sebuleni bila kukohoa. Uani kwetu, nyuma ya migomba, kuna choo cha shimo cha zamani tulichokitumia wakati wa ujenzi. Mlango wake ni gunia, sakafu yake ina ukungu wa kijani. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu kati ya choo hicho na ukuta, kanga imemtoka, mvua inampiga. Aliponiona alifunika uso kwa mkono ule mbovu.

"Mkwe, rudi! Usinitazame. Mwite mwanangu."

Niligeuka nikautazama ukuta. Nikapiga simu. Mwanjelwa saa nne hakuna anayesikia simu. Nikapiga tena na tena. Nikamwita jirani, mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikaenda kuchukua mwavuli, nikarudi kinyumenyume, nikaunyoosha mwavuli nyuma yangu bila kujua kama unamfunika kichwa au miguu. Hivyo ndivyo tulivyokaa, mzee wa miaka sitini na sita akisoma matofali, na bibi wa karibu themanini tope limemfika shavuni. Sijui ni dakika ngapi. Najua niliona aibu, kisha hasira, kisha hofu, na hofu ndiyo iliyoshinda.

"Baba," akasema nyuma yangu. "Nasikia baridi."

"Mama, naomba ruhusa."

Akasema, "Leta blanketi. Mkono wako usinifike."

Nilileta blanketi na kiti cha plastiki. Nilimfunika kwanza, ndipo nikageuka. Nilimuuliza anaumwa wapi, nikamwambia achezeshe mguu mmoja, halafu wa pili. Yote miwili ilicheza. Muuguzi alikuwa amemfundisha mke wangu, na mimi nilisikia kupitia ukutani kama ninavyosikia kila kitu: usimvute mtu aliyeanguka kama gunia. Basi hatukuharakisha. Akageuka ubavu, akapiga magoti, akaweka mkono mzima kwenye kiti, mimi nimemzunguka kwa blanketi nyuma, uso wangu umeelekea migomba. Akapanda. Alipokaa, tulikuwa tunahema wote wawili.

"Usimwambie," alisema.

Niliokota kanga yake kwenye tope, nikamnyooshea kinyumenyume.

"Baba, akijua, sitaiona Igowole tena."

"Mama, kwa nini ulikuja huku nyuma? Choo kipo ndani. Nilikufungia vyuma."

Alinishangaa kabisa, nilisikia kwa sauti yake. "Kile ni choo chako, baba. Mimi nitakaaje unapokaa wewe?"

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Miaka yangu yote kazini, kabla hatujajenga kivuko cha waenda kwa miguu tulikuwa tunakaa kando ya barabara siku nzima tukiangalia watu wanavukia wapi. Ukijenga pengine watakupita na daraja lako, watavukia palepale walipozoea. Nilijua hivyo. Na bado nilimfungia mkwe wangu vyuma mahali ambapo asingekanyaga hata kwa bunduki, kisha nikavitikisa na kujipongeza. Kila alfajiri, na kila mchana aliposhindwa kuvumilia, alitoka kwenda kwenye utelezi. Alikuwa anajinyima chai ili safari hizo zipungue. Kizunguzungu alikitengeneza mwenyewe kwa kiu, na kiu niliitengeneza mimi.

Mke wangu aliporudi aliliona blanketi limeanikwa, lina tope. "Nani ameanguka?" aliuliza pale pale, kabla ya salamu. Nilisikia kiti kikikwaruza sebuleni.

"Mimi," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu. "Nilikwenda kukagua kile choo cha zamani, nikateleza."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kesho yake nilipewa fimbo. Nikakatazwa ngazi, nikakatazwa kwenda Mwanjelwa, nikakatazwa kuoga mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Viatu vyangu vya zamani vyenye soli iliyolika vikatoweka. "Kujikwaa si kuanguka," nilimtania, na hakutaka utani. Sasa tulikuwa wafungwa wawili wa askari mmoja, na yule mwenzangu upande wa pili wa ukuta alikuwa anajua kosa si langu.

Jambo moja sikulikubali, kukaa kimya na mfupa nisiouona. Mke wangu alipotaka nikapimwe, nilisema sitakwenda hospitali mpaka mama naye akaangaliwe ule mkono na nyonga, kwa kuwa gari ni hilohilo. Tukaenda. Yeye alikuwa na michubuko tu, ambayo alisema ni ya zamani, na daktari akaiangalia mara mbili. Kisha akanigeukia mimi, akanipima presha nimelala, akanipima nimesimama, akauliza nameza vidonge gani, nikisimama ghafla naona nini. Naona nyota, nikasema. Akapunguza kidonge kimoja, akaniambia niwe nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. "Mzee, wewe bado hujaanguka vizuri," akasema, "lakini ulikuwa unakuja." Mke wangu akaikaza sheria yake.

Choo cha nyuma nilikijenga upya. Mke wangu alitaka kibomolewe. "Si ulimwekea vyuma ndani?"

"Hajavishika hata siku moja. Kamuulize mama yako."

Alikwenda kuuliza. Alirudi, akakaa kitandani. Yeye ndiye Mhehe, lakini alikulia shule za bweni, na mila za mama yake alizijua kama mtu anavyoujua wimbo ambao hajawahi kuuimba. "Kwa nini hakuniambia?" akauliza.

"Wewe ulimwambia akianguka nyumba inafungwa. Tangu hapo angekwambia nini?"

Fundi alimwaga sakafu mpya yenye mikwaruzo ya kushika mguu. Tukajenga kiti cha zege, tukaweka bati, mlango wa mbao, vyuma pande zote mbili, na bomba refu la kushika kuanzia mlango wa jikoni hadi kule. Nilimwagiza mke wangu amwambie mama kwamba choo hicho ni chake peke yake, na mimi sitakikanyaga hata kukisifia. Siku ya tatu nilisikia anaomba chai. Akaongezewa, akaomba tena.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, Igowole ilikuwa imenyesha vya kutosha. Shemeji alikuja na gari kutoka Iringa. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, kanga imemfunika uso, jembe jipya miguuni, mbegu zimefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilisimama mlangoni, macho kwa milima. Mke wangu, ambaye alikuwa anamsindikiza, alinipa maagizo kama mtoto: fimbo, taa, usipande kiti kubadilisha balbu, usiende uani peke yako.

"Mwanangu," akasema mama kutoka garini. "Mwache baba. Aliyeanguka ni mimi."

Mke wangu alinitazama, nami nikatazama chini. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua, akatoa begi la mama, akaliweka kwenye vumbi.

"Nilijua utalishusha," mama akasema. "Lakini siwezi kwenda kulala kwangu wakati mkwe wangu amefungwa kwa ajili yangu. Kifungo nakijua mimi."

Shemeji alizima injini. Nilimuuliza mke wangu, "Tangu choo kijengwe ameanguka?"

"Sijayumba," mama akajibu.

"Barabara haifungwi kwa sababu ya kona moja mbaya," nikasema. "Tunaitengeneza kona."

Ndipo mke wangu akalia, amesimama palepale kando ya begi. "Nyie mnaongea kona. Simu nitapigiwa mimi. Mimi ndiye nitakayeambiwa amekutwa kwenye lile jiwe na baridi." Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake miezi yote minne, na sote tulikuwa tumeliita ukali.

Alijifuta uso kwa ukosi wa gauni. Akaliinua begi akalirudisha garini. "Basi na wewe panda," akaniambia. "Na mabomba yako."

Igowole tulifika mchana, ukungu umetanda kwenye mashamba ya chai. Sikufungua hata boksi la zana. Nilimwomba mke wangu amwambie mama atembee tu kama anavyotembea kila asubuhi, tangu kitandani, asijali sisi. Mama mkwe akatangulia na kanga yake. Mimi nikafuata kwa umbali wa heshima na furushi la vigingi, na kila aliponyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika, nilichomeka kigingi. Alinyoosha karibu na mlango. Alinyoosha kwenye mteremko wa choo, na kwenye bomba la maji mara mbili. Miaka yote hiyo alikuwa anashika hewa.

Mwisho tukafika jikoni, kwenye jiwe. Hapo hapakuwa na pa kuchomeka kigingi, ni mwamba mtupu. Alisimama chini yake, mguu mmoja juu, mkono unaelea. Mke wangu alikuwa mbali, kwenye gari, anashusha mbegu. Nikasogea. Nikageuza uso nikatazama milima, nikampa bega.

Akavuta kanga usoni. Kisha akalishika.